Kibao cha 33/1203: maandishi yanayopita Baraka bila msomaji



Kuna neno moja hapa kwetu linaloweza kuunguza nyumba, na neno lenyewe ni petroli. Mtu wa Kigoma akisema petroli, anataka kusema ile ya kutia kwenye pikipiki. Mtu wa Baraka ao wa Mboko akisema petroli, anataka kusema mafuta ya taa, ile ya lampi. Wao neno walilitoa kwa Kiingereza, siye tukalitoa kwa Kifaransa. Ile ya pikipiki siye tunaiita esansi. Bidhaa mbili, neno moja, na katikati kuna ziwa Tanganyika ambalo bido zinavuka kila siku.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado naandika TFC yangu, mama mdogo alinunua bido ya lita 5 iliyoshuka na mtumbwi kutoka ng'ambo. Ubavuni iliandikwa kwa kalamu nyeusi: PETROLI. Jioni akamimina kwenye taa ya utambi, akatafuta kiberiti. Kaka yangu, ambaye ni motari, alikuwa anaingia mlangoni. Harufu ikamfikia.

– Mama mudogo, ngoja kwanza! Usiwashe. Hii iko esansi.

– Esansi namna gani? Si wameandika petroli? Soma mwenyewe.

Na kweli waliandika petroli. Hakuna mtu aliyedanganya kwenye ile bido. Alama ilikuwepo, ilisomeka vizuri, na ng'ambo kule ilikuwa sahihi kabisa. Ilivuka maji tu, ikageuka mtego.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia kwa jicho lingine maandishi yote yanayobandikwa kwenye mizigo ya hatari. Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, filamu na hotuba za wakubwa. Leo naomba tuhakiki maandishi mafupi kuliko hayo yote: kibao cha rangi ya machungwa kilichoko nyuma ya gari la tanki, ile gari tunayoiita siterni. Nataka tuulize maswali yale yale ya uhakiki: kiliandikwa na nani, kinamwambia nani, na kwa nini hakituambii siye.

Tuanze na uzuri wake. Mfumo huu ulitokana na kazi ya Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1950. Wataalamu waligawa mizigo ya hatari katika makundi 9: vilipukaji, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vitu vinavyouongezea moto nguvu, sumu pamoja na vitu vya kuambukiza magonjwa, vitu vyenye mionzi, vitu vinavyochoma ngozi na kula chuma, na kundi la mwisho la vinginevyo. Mwaka 1957, huko Geneva, nchi za Ulaya zikatia sahihi mkataba wa kupitisha mizigo hiyo kwa barabara, unaojulikana kwa herufi ADR. Alama zake zimeenea mbali kuliko mkataba wenyewe, na magari mengi ya mafuta yanayotoka pwani ya Tanzania kuja huku kwetu yanazibeba.

Kibao kamili kina upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 30, rangi ya machungwa, namba nyeusi juu na chini. Namba ya chini ni jina la bidhaa. Esansi ni 1203. Mazutu ni 1202. Mafuta ya taa, petroli yetu, ni 1223. Namba ya juu ni tabia yake. Tarakimu 3 ni kimiminika kinachowaka, 6 ni sumu, 8 ni kitu kinachochoma ngozi. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Kwa hiyo mazutu na mafuta ya taa yanaandikwa 30, lakini esansi inaandikwa 33. Ukiona herufi X mbele, usimwagie maji.

Tofauti ya 30 na 33 ndiyo tofauti ya usiku ule nyumbani kwetu. Mafuta ya taa yanahitaji kufika kama nyuzijoto 38 ao zaidi ndipo mvuke wake utoshe kushika moto. Mazutu yanahitaji zaidi ya hapo. Esansi inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi kali, kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye joto la Baraka iko tayari saa zote. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: haupandi juu kama moshi, unatambaa chini, unaingia mifereji, unapita chini ya mlango, hadi unakutana na jiko la mtu asiyejua kitu. Huyo mtu hakuiona esansi hata kidogo, ila moto unarudi kwa njia ile ile mvuke ulipopita.

Sasa angalieni: 1203 ni 1203 huko Kigoma, ni 1203 huko Bujumbura, ni 1203 huko Uvira na Misisi. Haijali kama wewe ulisoma Kiingereza, Kifaransa ao hukusoma. Neno petroli lilishindwa kuvuka ziwa. Namba ingevuka. Kwa hilo nawapa heshima waliobuni.

Lakini tuje kwenye makosa, na hapa lazima tupande barabara ya RN5 kwenda kaskazini, tupite Makobola na Uvira, tufike Sange.

Tarehe 2 Julai 2010, siku ya Ijumaa, gari la tanki lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya Sange. Ilikuwa siku za Kombe la Dunia, siku ile ile Ghana walipocheza na Uruguay, na watu wengi walikuwa wamejaa kwenye nyumba ya sinema kuangalia mpira. Mafuta yakamwagika. Watu wakaja na bido, sufuria na ndoo. Halafu moto. Uliwakuta waliokuwa wanateka mafuta, ukawakuta pia waliokaa mbele ya televisheni na waliokuwa ndani ya nyumba zao kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 230. Wengi hawakuweza hata kutambuliwa, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Nilikuwa bado mtoto, lakini nakumbuka maneno ya wakubwa: "Ni tamaa. Umaskini na tamaa." Mpaka leo ukitaja Sange utajibiwa vile. Mimi maelezo hayo sikubali. Wale wa kwenye sinema walikuwa na tamaa gani? Na hata waliobeba bido, tunasema walijua wakapuuza. Nani alikuwa amewaambia? Mtu aliyeishi miaka yote kando ya mazutu na mafuta ya taa, akaona mara ngapi yakimwagika bila moto, ana haki ya kufikiri mafuta ni mafuta. Amesoma maisha yake vizuri. Ile 33 ndiyo hajawahi kusomewa.

Tena haikuwa ujinga wa Wakongo. Mwaka mmoja na nusu mbele ya Sange, tarehe 31 Januari 2009, gari la tanki lilianguka Sachangwan, karibu na Molo huko Kenya. Watu wakaenda kuteka, moto ukawaka, zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 ikatokea Msamvu, Morogoro, kwa majirani zetu Watanzania: vilevile zaidi ya 100. Kule barabara ni za lami, na serikali zao ziko na kanuni za mafuta kuliko sisi. Kama kibao kingekuwa kinatosha, Morogoro ingepona.

Kwa nini hakitoshi? Kuna kanuni moja katika ADR inayojibu kila kitu: namba za kwenye kibao cha gari la tanki lazima zitengenezwe ziendelee kusomeka hata baada ya dakika 15 ndani ya moto. Tafakarini hapo. Maandishi haya yalibuniwa yasomwe wakati gari limeshawaka. Msomaji wake ni zimamoto, anayefika na gari lake la maji na povu, anasoma 33/1203 kutoka mbali, anafungua kitabu chake, anajua la kufanya. Kwa msomaji huyo ni maandishi mazuri sana.

Huyo msomaji kati ya Uvira na Baraka yuko wapi? Ni takribani kilomita 90 za RN5, na kuendelea mbele kuna Fizi, Lulimba na Misisi. Gari la tanki likianguka Lusenda ao Katalukulu, wa kwanza kufika ni motari, mama anayetoka shamba, na watoto wa shule. Kibao hakiongei na hawa. Kinataja kitu bila kusema lolote la kufanya. Hakisemi: kimbia, simama upande upepo unapotoka, zima pikipiki, zima jiko, usirudi. Kwa hiyo kosa la kwanza la kibao ni hili: kinamwandikia mtu ambaye hatuna, na kinawanyamazia watu tulio nao.

Kosa la pili linatuhusu zaidi sisi wa Fizi, juu mafuta yetu mengi hayafiki mlangoni ndani ya tanki. Yanashushwa kwenye mapipa, mapipa yanagawanywa kwenye bido za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kupikia, bido zinagawanywa kwenye chupa za maji pale kwa Kadafi, kando ya barabara. Kila mahali mafuta yanapohamishwa, alama inabaki nyuma. Hatari inasafiri hadi mwisho, jina linaishia njiani. Kwenye tanki kulikuwa na kibao mbele na nyuma na alama nyekundu ya moto pembeni. Kwenye pipa labda kuna rangi iliyochubuka. Kwenye chupa ya Kadafi kuna picha ya maji ya chemchemi.

Mtu atasema mizigo midogo hata Ulaya imesamehewa. Ni kweli nusu. Kwa ADR, gari linalobeba esansi isiyozidi lita 333 ndani ya vyombo vidogo halilazimiki kuweka kibao cha machungwa. Lakini kila chombo, hata kikiwa kidogo, kinabaki na alama yake na namba yake. Msamaha ni wa gari. Bido haikusamehewa. Sisi tumechukua msamaha tukaacha sharti. Motari mwenye bido 4 za lita 20 ana lita 80, yuko chini ya kiwango. Fuso yenye bido 20 ina lita 400, imeshapita. Zote mbili zinapita sokoni bila hata herufi moja.

Na juu ya ile Fuso kuna nini kingine? Watu. Mama na mtoto mgongoni, wamekaa juu ya bido, na konveyeri ana sigara mdomoni. ADR inakataza abiria kwenye gari lenye mizigo ya namba hizi, wanaruhusiwa wahudumu wa gari tu. Najua mtaniambia hakuna gari lingine, na mama lazima afike. Najua. Lakini angalau sigara ile haihitaji bajeti ya serikali kuizima.

Kuna jambo lingine ambalo linanitia woga kuliko sigara. Baraka na kipindupindu tunajuana. Ndiyo maana unga wa kloru wa kusafishia maji, ule wenye nguvu tunaouita HTH, unapanda magari yetu kila msimu. Unga huo uko kundi la 5, vitu vinavyouongezea moto nguvu. Ukigusana na mafuta unaweza kupata joto na kuwaka wenyewe, bila kiberiti, bila cheche. Kanuni ya kutenganisha mizigo iliandikwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Sasa weka ndoo ya kloru iliyopasuka mfuniko juu ya Fuso ile ile, kando ya bido ya mazutu inayovuja, na barabara ya mashimo inayotikisa vyote kwa saa nzima. Dawa ya kuokoa kijiji inaweza kuunguza gari kabla haijafika kijijini. Na kutoka Misisi hadi migodi mingine ya dhahabu, zebaki inatembea kwenye chupa za soda. Chupa ya soda! Mtoto akiona chupa ya soda anafikiri nini?

Sasa niseme kuhusu suluhisho ambalo silitaki, kwa kuwa ndilo litakalotajwa kwanza: "serikali iweke sheria kali." Sheria zipo. Sheria yetu ya barabarani, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ina umri kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Tukiongeza kanuni mpya ya vibao na kuikabidhi kwenye bariyeri peke yake, sote tunajua itakavyokuwa: kibao kitageuka risiti. Asiye nacho atalipa kidogo, atapita, na bido itabaki bila jina. Mwenye nacho naye atatafutiwa kosa lingine. Kanuni ambayo kazi yake ni kutoza haimfundishi mtu kusoma.

Kuna kanuni nyingine ya ADR naipenda zaidi, na sijawahi kusikia mtu akiinukuu kwenye semina. Inasema kwamba kabla ya safari, shoferi na wenzake lazima wapewe maelezo ya maandishi ya nini cha kufanya ajali ikitokea, na maelezo hayo yawe katika lugha ambayo kila mmoja wao anaweza kusoma na kuelewa. Lugha yake yeye, wala siyo ya ofisi. Hapo waliobuni mfumo waliona shida ya ile bido ya mama mdogo. Waliona kwamba onyo lisiloeleweka na anayelibeba ni karatasi tu. Kosa lao ni kuishia kwenye kabini ya shoferi. Siye tuipanue kanuni hiyo ifike kwa motari, kwa Kadafi, kwa mama muuzaji.

Inawezekanaje? Bidhaa za mafuta zinazozunguka Baraka kila siku ni tatu. Namba tatu: 1203 esansi, 1202 mazutu, 1223 petroli ya lampi. Rangi ya mafuta na brashi moja vinatosha kwa bido za mtaa mzima. Namba kubwa, chini yake neno la hapa, lakini namba isikosekane, juu neno linabadilika ng'ambo. Chama cha wauzaji kinaweza kukubaliana kwa mkutano mmoja: bido ya esansi haitiwi kitu kingine tena, na chupa ya maji ao ya soda haitiwi mafuta kabisa. Mamotari wana vyama vyao na viongozi wao, wanasikilizana kuliko wanavyosikiliza polisi. Redio za hapa zinasikika hadi Ubwari. Maneno ya kutangaza ni machache: gari la mafuta likianguka, usilisogelee, zima kila moto, kimbia upande upepo unapotoka, mzuie na mwenzako. Hayo ndiyo maneno ambayo kibao hakina.

Na hapa namalizia na sisi wenyewe, wenye diploma. Tumesoma sheria, mazingira, afya ya jamii, usimamizi. Kila mwaka TFC zinaandikwa kwa Kifaransa kizuri, zinatetewa, zinapigiwa makofi, zinawekwa kabatini. Hata mimi yangu iko kabatini. Tuna tabia ile ile ya kibao: tunaandika kwa namna ambayo msomaji wetu ni profesa mmoja, halafu tunashangaa mtaa hausomi. Nani kati yetu alishawahi kusimama pale kwa Kadafi dakika kumi, akamwelezea kijana yule tofauti ya 30 na 33 kwa Kiswahili cha hapa? Yule kijana analala chumba kimoja na bido zake. Ana haja ya elimu hiyo kuliko jopo lolote la walimu.

Yaya na dada zangu, najua mambo ya Fizi ni mengi: vita, njaa, barabara, kipindupindu. Mtu anaweza kuniuliza, wewe kati ya yote hayo umeona namba za bido? Ndiyo, nimeziona, juu hii ni moja kati ya chache ambazo hazisubiri mtu atoke Kinshasa. Wale wa Sange hatuwezi kuwarudisha. Tunaweza tu kuacha kusema walikufa kwa tamaa, na kuanza kuwasomea walio hai kile ambacho hao hawakusomewa.

Ile bido ya lita 5 bado iko nyumbani. Kaka alifuta neno petroli kwa mchanga, akaandika 1203 kwa rangi nyekundu, akaipeleka nje mbali na jiko. Mama mdogo hajui kusoma vizuri, lakini namba anazijua, ni mfanyabiashara. Wiki iliyofuata alienda kwa muuzaji, akaweka bido nyingine juu ya meza, akasema:

– Papa, mimi nataka ile ya 1223. Kama huijui, basi sinunui.

Muuzaji alicheka kwanza. Halafu akaomba aandikiwe hizo namba kwenye ukuta wa kibanda chake.